Chai ya kijani na saratani ya damu: Kikombe si dawa, tembe si chai

JUMAPILI moja baada ya ibada nilipita kumjulia hali jirani yangu, mwalimu mstaafu anayeishi mtaa wa Buruburu jijini Nairobi. Mkewe alikuwa ameandaa mandazi na thamosi ya chai ya maziwa, kama ilivyo desturi. Sisi wageni tulimiminiwa. Mwalimu hakumiminiwa. Aliletewa gilasi ya maji na kichupa cheupe, akatoa tembe mbili, akazimeza kabla ya kutia chochote kinywani.

"Hii ndiyo chai yangu siku hizi, mwanangu," akaniambia huku akitabasamu. "Chai ya kijani. Wameikamua wakaitia ndani ya kidonge."

Miezi saba kabla ya hapo, Mwalimu alikuwa amekwenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kama kawaida, damu ilipimwa kwanza. Chembechembe zake nyeupe zilikuwa 46,000, kwa kipimo ambacho kwa mtu mzima mwenye afya hakipiti sana 11,000. Hakuwa na homa, hakuwa amekonda, wala hakuhisi maumivu. Hata hivyo, vipimo vya pili vilithibitisha kwamba ana saratani ya damu ya aina inayokwenda polepole.

Kilichoishangaza familia zaidi ya jina la ugonjwa ni maneno ya daktari. Hakuandika dawa yoyote. Alisema Mwalimu arudi baada ya miezi mitatu.

"Yaani tungoje?" mkewe aliuliza. "Tungoje nini, daktari? Mpaka azidiwe?"

Ni katika ngoja-ngoja hiyo ndipo kichupa kile kilipoingia nyumbani. Kifunguamimba wao, binti anayefanya kazi ng'ambo, alisoma kwamba chai ya kijani huua saratani ya damu, akatuma vichupa vinne. Je, alikosea? Swali hili linazikabili familia nyingi, na jibu lake si la neno moja.

Maradhi mawili, jina moja

Saratani ya damu huanzia ndani ya uboho, ute ule laini ulio ndani ya mifupa, ambako damu hutengenezwa. Zipo aina zinazokuja kwa kishindo na kumlaza mgonjwa kwa muda wa siku au wiki chache. Zipo na zile zinazojikokota kwa miaka. Hizi za pili ndizo madaktari huziita sugu, na zilizo maarufu ni mbili.

Ya kwanza, ambayo kwa kifupi huitwa CLL, hushika limfosaiti, yaani zile chembechembe nyeupe ambazo ni askari wa kupigana na viini vya maradhi. Askari hawa huwa wengi kupita kiasi lakini hawajui vita, nao hukataa kufa wakati wao unapofika. Hujazana katika damu, katika tezi za shingo, kwapa na kinena, na katika wengu. Aghalabu ugonjwa huu huwapata watu waliopita umri wa miaka 60. Huu ndio wa Mwalimu.

Ya pili huitwa CML. Hii yaweza kumpata mtu wa makamo na hata kijana wa chuo kikuu. Chanzo chake kilianza kujulikana mwaka 1960, wakati Peter Nowell na David Hungerford walipoona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika chembe za wagonjwa mjini Philadelphia, Marekani. Mwaka 1973, Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba kromosomu nambari 9 na nambari 22 huwa zimebadilishana vipande. Badiliko hilo huzaa protini inayoziamrisha chembechembe zizaane bila kukoma.

Hakuna kati ya maradhi haya linaloambukiza. Huwezi kulipata kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kumuuguza. Katika nchi yenye malaria kama yetu, ni rahisi pia mgonjwa aliyevimba wengu kudhaniwa ana malaria iliyomkaa mwilini. Ndiyo maana kipimo kamili cha damu ni cha lazima.

Kwa nini daktari husema tungoje?

Wengi wetu tumezoea kwamba ukienda hospitali bila kutoka na dawa, basi hukutibiwa. Lakini katika CLL, kungoja ni sehemu ya tiba. Utafiti mkubwa wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1998 uliwahusisha wagonjwa zaidi ya 1,500 ambao ugonjwa wao ulikuwa katika hatua ya awali. Baadhi walianzishiwa tembe za kuua saratani mara moja, wengine wakaachwa wangoje wakiangaliwa. Waliotibiwa mapema hawakuishi miaka mingi kuliko wenzao, ila walipata usumbufu wa dawa kabla ya wakati.

Kwa hiyo daktari huwa macho akitazama dalili zake: damu kupungua, chembe za kugandisha damu kushuka, tezi au wengu kuvimba sana, mgonjwa kupoteza sehemu moja ya kumi ya uzani wake katika miezi 6, kulowa jasho usiku hadi shuka kubadilishwa, au idadi ya chembechembe kuongezeka maradufu kwa muda usiofika miezi 6. Moja ya hayo likitokea, tiba huanza. Na dawa zipo, za aina mpya: tembe ya ibrutinib iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2014, na venetoclax mwaka 2016. Tatizo kubwa kwetu ni bei yake.

Basi fikiria hali ya mtu aliyeambiwa ana saratani, aende nyumbani akakae nayo. Mfa maji haachi kutapatapa. Ni wagonjwa kama hawa waliowafanya wanasayansi waitazame chai kwa makini.

Habari kutoka Rochester

Tofauti na dawa nyingi zinazonadiwa vituoni mwa matatu, habari ya chai ya kijani ina mzizi wa kweli. Chai hiyo ina kemikali iitwayo EGCG, mojawapo ya jamii ya katekini. Mwaka 2004, watafiti wa Mayo Clinic iliyoko Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, walichukua chembechembe za wagonjwa 10 wa CLL na kuzitia EGCG katika maabara. Chembechembe za wagonjwa 8 kati ya hao zilikufa kwa wingi. Ilionekana kwamba kemikali hiyo ilikatiza ishara ambayo chembe hizi huitegemea ili ziendelee kuishi.

Habari zilipoenea, wagonjwa hawakungoja. Mwaka 2006 madaktari hao hao walichapisha habari za wagonjwa wanne ambao, kwa hiari yao wenyewe, walianza kutumia chai ya kijani au tembe zake, na ambao hali zao zilionekana kupata nafuu.

Lakini wagonjwa wanne si ushahidi. Tezi zaweza kunywea zenyewe, na anayepata nafuu ndiye husikika kuliko asiyeipata. Kwa hiyo jaribio rasmi likaandaliwa. Wagonjwa 33 ambao hawakuwa wametibiwa bado walipewa tembe zilizotengenezwa kwa kipimo maalumu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Shabaha ilikuwa kujua kiasi ambacho mwili unaweza kustahimili. Jaribio la pili, lililochapishwa mwaka 2013, lilikuwa na wagonjwa 42. Kila mmoja alimeza miligramu 2,000 za EGCG mara mbili kwa siku, kwa muda wa hadi miezi 6.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo, lakini yanahitaji kusomwa polepole. Wagonjwa 13 kati ya 42, yaani asilimia 31, walipungukiwa na chembechembe mbovu katika damu kwa asilimia 20 au zaidi, na upungufu huo ukadumu. Kati ya wale 29 waliokuwa na tezi zilizovimba, 20 waliona uvimbe ukipungua kwa nusu au zaidi.

Sasa tazama kisichokuwamo humo. Hakuna aliyeambiwa amepona. Chembechembe kupungua kwa asilimia 20 maana yake ni kwamba mtu mwenye 46,000 anabaki na kama 37,000, idadi ambayo bado ni ya mgonjwa. Hakukuwa na kundi la pili lililopewa tembe tupu ili kulinganisha. Wala majaribio hayo hayakuonyesha kwamba wanaotumia tembe hizo huishi muda mrefu zaidi au huchelewa kuhitaji tiba. Watafiti wenyewe hawakusema wamepata dawa.

Majani ni yale yale

Hapa nchini tuna sababu ya kuipenda habari hii, kwani chai ni yetu. Mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903, na leo vilima vya Kericho, Nandi, Murang'a na Kirinyaga vimefunikwa na majani hayo. Wengi hudhani chai ya kijani hutoka kwa mmea mwingine wa Uchina au Japani. La hasha! Mmea ni ule ule mmoja. Tofauti iko kiwandani.

Kwa chai yetu ya kila siku, majani huanikwa yanyauke, hukatwakatwa na kusagwa kwa mashine, kisha huachwa yapate hewa hadi yageuke rangi ya shaba. Katika kugeuka huko, sehemu kubwa ya katekini hubadilika kuwa kemikali nyingine, zile zinazoipa chai rangi na ukali tuupendao. Kwa chai ya kijani, majani hupigwa mvuke au joto mapema baada ya kuchumwa ili yasigeuke, na EGCG ikabaki. Ipo pia chai ya zambarau, aina iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2011, ambayo majani yake yana rangi kama ya zabibu. Nayo husifiwa kuwa dawa ya kila kitu, lakini majaribio ya Mayo Clinic hayakuihusu.

Hebu sasa tupige hesabu kidogo. Kikombe kimoja cha chai ya kijani kwa kawaida hutoa kama miligramu 50 hadi 100 za EGCG, kutegemea majani na muda wa kuyaloweka. Wagonjwa wa lile jaribio walimeza miligramu 4,000 kwa siku. Ili kuzifikia, mtu angehitaji kunywa vikombe 40 hadi 80 kila siku! Kwa hivyo anayesema "nakunywa vikombe vitatu kwa sababu ya saratani" na anayesema "nameza tembe za chai" hawafanyi jambo moja. Wa kwanza anakunywa kinywaji. Wa pili anatumia kemikali kali kwa kipimo cha dawa, hata kama picha iliyo kwenye kichupa ni ya jani.

Siri iliyomponza Mwalimu

Mwalimu aliporudi kwa daktari, chembechembe zake zilikuwa 48,000. Hazikuwa zimepungua. Kilichomshtua daktari ni kipimo cha ini. Vimeng'enya vya ini, ambavyo hupanda ini likiumia, vilikuwa mara nne ya kiwango cha kawaida.

"Mzee, unatumia dawa gani?" daktari akamwuliza.

"Hakuna, daktari. Si uliniambia ningoje?"

"Pombe?"

"Tangu 1987 sijaigusa."

"Miti shamba?"

"Hata."

Mwalimu hakukusudia kusema uongo. Kwake yeye chai si dawa, na aliyetuma ni mwanawe. Daktari alianza kumtafutia ugonjwa wa homa ya ini na kumwandikia vipimo vya gharama kubwa. Ni mkewe aliyekatiza: "Baba Njeri, na vile vidonge vya chai?" Wakati huo alikuwa akimeza vinne kwa siku, kila kimoja kikiwa na miligramu 400 za EGCG, na vile vya asubuhi alivimeza tumbo likiwa tupu.

Madhara haya yanajulikana. Mwaka 2003, tembe za chai ya kijani zilizouzwa Ufaransa na Hispania kwa ajili ya kupunguza unene ziliondolewa sokoni baada ya watu kuumia ini. Mwaka 2018, wataalamu wa usalama wa vyakula wa Umoja wa Ulaya walitangaza kwamba kikombe cha chai ya kijani kwa kawaida ni salama, lakini tembe zenye miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku zinaweza kupandisha vimeng'enya vya ini. Mwaka 2022 Umoja huo uliweka sheria kwamba tembe za siku moja zisifikie kiasi hicho, na kwamba kichupa kimwonye mtumiaji asimeze akiwa na njaa, kwani tumbo tupu huifanya EGCG iingie mwilini kwa wingi zaidi. Mwalimu alikuwa akimeza mara mbili ya mpaka huo.

Huenda msomaji akauliza: mbona wale wa Rochester walimeza 4,000? Ni kweli, lakini wao walipimwa ini mara kwa mara, na dawa yao ilitengenezwa kwa kipimo kimoja kinachojulikana. Hata hivyo, baadhi yao walipata kichefuchefu, maumivu ya tumbo na vimeng'enya kupanda. Mwalimu hakuwa na wa kumpima. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku hizi tungeongeza kwamba mficha tembe naye yumo hatarini.

Hatari kubwa zaidi: kuacha dawa

Kwa mgonjwa wa CML mambo ni mazito zaidi. Ugonjwa huu una dawa inayofanya kazi. Imatinib, maarufu kwa jina Glivec, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 baada ya kazi ya daktari Brian Druker na wenzake. Tembe hiyo huizima ile protini mbovu, na imewafanya watu wengi ambao zamani wangekufa katika miaka michache waishi, wafanye kazi na kulea watoto. Hapa Kenya, wagonjwa wengi waliipata bila malipo kupitia mpango maalumu ulioendeshwa katika Nairobi Hospital.

Lakini humezwa kila siku, na yaweza kuleta kichefuchefu, misuli kukaza na macho kuvimba. Kijana aliyechoka nayo akisikia kwamba kuna tembe ya majani isiyo na usumbufu, hushawishika. Siku za kwanza hataona tofauti. Ugonjwa huendelea kimyakimya, na ukishageuka kuwa ule wa kishindo, kuurudisha nyuma ni kazi ngumu mno. Chai haijaonyeshwa kuweza kushika nafasi ya Glivec. Asikudanganye mtu.

Isitoshe, chai yaweza kugombana na dawa. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California waligundua katika maabara na kwa panya kwamba EGCG huishika dawa ya bortezomib, inayotumiwa sana kwa saratani nyingine ya uboho, na kuizuia isifanye kazi. Kitu kilichotarajiwa kusaidia kikawa kinailinda saratani! Tunda la balungi nalo, ambalo wengi hulila kwa ajili ya afya, hukatazwa kwa wanaotumia imatinib au ibrutinib kwa sababu hubadilisha kiasi cha dawa katika damu. Na chai ya aina yoyote ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwa mboga na maharagwe. Mwenye upungufu wa madini hayo heri anywe chai yake saa moja au mbili baada ya kula.

Familia ifanye nini?

Kwanza, peleka kila kichupa kwa daktari, hata kile cha "vitamini tu". Mwulize: kina nini, kiasi gani, na je, kinapatana na dawa zangu? Ikiwa mgonjwa ameamua kutumia tembe za chai licha ya yote, basi ini lipimwe kabla ya kuanza na baadaye mara kwa mara. Akiona mkojo mweusi kama strungi, macho kugeuka manjano, mwasho wa mwili au maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, aache mara moja na kukimbilia hospitali.

Pili, fahamu kwamba mgonjwa wa CLL aghalabu huangushwa na maambukizi. Homa kwake si jambo la kungoja kupambazuke. Aulize kuhusu chanjo za mafua na za kichomi. Lakini ajiepushe na chanjo zenye viini hai, kama ile ya homa ya manjano, hadi daktari wake atoe idhini.

Tatu, weka daftari. Andika tarehe, idadi ya chembechembe, uzani na dalili. Familia yenye daftari haiwi tena inangoja gizani.

Mwalimu aliacha zile tembe siku ile ile. Baada ya wiki sita, ini lake lilirudi sawa. Damu yake sasa inasoma 52,000, na daktari bado anasema tungoje. Binti yake hajakoma kupiga simu kila Jumapili, ila swali limebadilika. Zamani aliuliza, "Baba, umemeza?" Sasa huuliza, "Baba, umepimwa lini, na umeandika?"

Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa na kikombe mkononi. Ilikuwa chai ya kijani, bila maziwa wala sukari. Nikamtazama kwa mshangao.

"Usiogope, mwanangu," akasema. "Hiki nakunywa kwa sababu nimeona kiu."